Vidonge vya klorini: nilivyovitumia siku tisa za mafuriko Bahi

Mvua ya Januari ilipofunga barabara ya kijijini kwetu, wilaya ya Bahi, pampu ya kisima ilizama kwenye maji ya korongo. Kwa siku tisa tulichota maji ya mafuriko, rangi yake kama chai ya maziwa. Kuchemsha ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote: maji yakitokota dakika moja yanatosha (wanaoishi juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari ndio wanaohitaji dakika tatu). Lakini kuni zililowa, mkaa ulibaki robo gunia. Nikafungua vidonge nilivyonunua duka la dawa Dodoma mjini, vile vya kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20.

Ndoo ya kwanza niliiharibu. Nilitia kidonge kwenye tope vile vile, nikasubiri nusu saa, nikanusa. Hakuna harufu. Nikafurahi, kumbe hiyo ndiyo dalili mbaya: uchafu ulikuwa umeimaliza klorini yote, vijidudu vikabaki. Mwanangu mdogo aliharisha siku mbili, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mama mkwe ndiye aliyeniweka sawa. Maji yalale usiku kucha bila kutikiswa, asubuhi uyamimine ya juu polepole kupitia khanga safi iliyokunjwa mara nne, tope libaki chini. Ndipo unatia kidonge, unakoroga, unafunika, unasubiri nusu saa kamili. Yakiwa bado na ukungu, viwili, kama pakiti yangu ilivyoelekeza. Vidonge havilingani nguvu, kwa hiyo soma ya kwako. Safari hii nilisikia harufu kidogo ya jiki. Hiyo ndiyo kinga inayobaki ndani ya ndoo, na maji ya kuchemsha hayana kinga hiyo; mkono mchafu ukiingia, yameharibika tena.

Watoto waliikataa ladha. Nilikuwa nayahamisha kutoka ndoo safi hadi nyingine mara kadhaa, harufu inapungua, wanakunywa.

Msitegemee vidonge vitoe chumvi. Sisi wa visima vya huku tunaijua chumvi yetu. Hiyo na floridi, madini mengine yaliyoyeyuka majini, hubaki hata ukichemsha. Pia kuna vijidudu vyenye ganda gumu, kama kriptosporidiamu, ambavyo klorini ya kiasi hiki haiviwezi. Kwa hiyo ule mkaa kidogo niliuweka kwa ajili ya maji ya mtoto aliyekuwa anaumwa.

Tulikuwa watu sita na ndoo moja ya kunywa kwa siku. Kati ya vidonge 20 nilitumia 14. Ukinunua, angalia tarehe ya mwisho na kila kifuko kiwe kimefungwa. Duka jingine niliwahi kuuziwa vilivyopata unyevu, vimegeuka unga. Sita vilivyobaki viko kwenye kopo lenye mfuniko juu ya kabati, pamoja na khanga ile.