Filimbi ya Koyote Yenye Ulimi Wazi: Je, Inashinda Upepo?

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo naijaribu filimbi ya kumwita koyote, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, ambayo humvuta kwa mwindaji kwa kuiga kilio cha sungura. Urefu na uzito wa filimbi hii vimeandikwa kwenye pakiti, kwa hiyo nitaviacha. Ninachotaka mkisikie ni ulimi wake, yaani kipande chembamba kinachotetemeka na kutoa sauti, kwani ndio ulionifanya niipende huku Wyoming, Marekani, ambako upepo wa tambarare za Laramie ni mkali mno majira ya baridi.

Tazameni: ulimi huu wa plastiki haukufunikwa, hivyo ninaubana kwa midomo moja kwa moja. Nikiubana karibu na ncha, inatoka sauti nyembamba ya sungura mdogo. Nikisogeza midomo kuelekea shina, sikilizeni, sauti inashuka na kuwa kilio cha sungura mkubwa wa nyikani. Sasa napuliza kwa nguvu na kulegeza mara moja: umesikia inavyokwaruza? Mkwaruzo huo ndio ninaoupenda hasa, kwa maana mvumo wa upepo ni mzito na wa mfululizo, na sauti kali inayokatika ghafla hutambulika ndani yake kwa urahisi zaidi. Hata hivyo, anza kwa sauti ya chini, maana koyote aliye karibu anaweza kushtuka.

Filimbi zenye ulimi uliofungwa ndani, usioguswa na midomo, ni rahisi zaidi kwa anayejifunza, na siku tulivu ninazisifu, lakini hazikupi uhuru huu wa kupanda na kushuka. Spika za kielektroniki zinazotoa milio iliyorekodiwa zina nguvu kuliko pumzi yangu, nakiri, na huwekwa mbali na mwindaji. Ila nyingi zinagharimu mamia ya dola, ilhali filimbi kama hii hupatikana kwa dola 15 hadi 30.

Lakini hakuna filimbi inayoweza kupuuza upepo. Kwa kuwa upepo wa juu huenda kasi kuliko ule wa karibu na ardhi, sauti inayoelekea unakotoka upepo hupinda kwenda juu na kumpita mnyama. Koyote naye huzunguka upande unakoelekea upepo ili anuse. Kwa hiyo mimi huketi upepo ukinipiga ubavuni, nikiacha uwanda wazi upande huo atakaouzungukia, na vituo vyangu, yaani sehemu ninazoketi na kupuliza, huviweka karibu karibu kuliko siku tulivu.

Video ijayo nitaipima filimbi hii kwenye baridi kali, kwa sababu unyevu wa pumzi hugandisha ulimi. Walio na maswali kuhusu hilo wayaandike hapo chini mapema.