Lodge ya pembeni ya Swagaswaga: mbuzi safi, ila ule ukuta!

Watu wa Dodoma mnaoniuliza wikendi mwende wapi, hii lodge mpya pembeni ya Pori la Akiba Swagaswaga nimeenda nimelala, jina sitaji, anayeijua ataijua. Mbuzi wao wa kuchoma ni balaa, ugali wa mtama na mlenda kapika mtu anayejua kazi, chumba kisafi, neti haina matundu. Lami ya Kondoa iko poa, ukishaiacha ndo vumbi.

Shida ni walipojenga. Wamekaa juu ya korongo kabisa, ukuta wa tofali umeshuka mpaka kwenye mchanga, na lile korongo kiangazi ndo bomba la kijiji, watu wanafukua mchanga wanachota maji, usiku tembo nao wanakuja wanafukua hapohapo kwa miguu na mkonga. Njia ilikuwa ni moja, mchana ya kina mama na ng'ombe, usiku ya tembo, sahivi inaishia getini kwa mlinzi. Nikakutana na mama mmoja ana ndoo kichwani anazunguka ukuta, nikamwamkia, nikamuuliza mbona asikatishe tu hapa, akanijibu "mwanangu, wamesema wageni hawapendi kelele za ng'ombe." Wageni wenyewe ndo sisi, muziki mpaka saa nane usiku, jenereta linaunguruma, mataa yamemulikwa porini eti tuone wanyama!

Tembo sio kwamba ameacha kushuka, maji anayanusa toka mbali, ila sasa anapita mashambani kwa watu. Na hapa ndo paliponiuma, maana kwa kanuni za 2011 zilivyotoka, kifuta jasho, ile hela ya serikali kwa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama, kinalipwa kwa ekari, mwisho ekari 5, na shamba likiwa karibu na hifadhi hela inapungua, ndani ya mita 500 hupati kitu. Yaani mkulima anaambiwa wewe umelima karibu mno na wanyama, alafu huyu aliyejenga karibu kuliko yeye ndo huohuo ukaribu anaouza, tena chumba kinachotazama pori kina bei ya juu.

Nikamfata meneja. Nikamwambia Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto, na mimi korongo linaloshusha maji kila masika naliita mto, akasema vibali vyote wanavyo. Nikamuuliza, sawa, ile tathmini ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMC, wale wasimamizi wa mazingira wa serikali, ambayo wananchi wa eneo wanatakiwa wasikilizwe, hawa wa kijijini waliitwa? Akaniletea soda, ya ofa.

Sijasema wabomoe, vijana wa pale wamepata ajira na yule dada wa jikoni mngemnyang'anya wengine kesho tu. Wafungue njia ya korongoni, mataa wayageuzie chini, jenereta saa nne lizimwe, maana tembo akihama kabisa hiyo inabaki gesti ya vumbini yenye bei ya mbugani, na gesti Dodoma mjini zimejaa.

Kwa sasa nawapa mbili kwa tano. Ukienda waulize habari ya ile njia kabla hujalipa, wakisikia kwa wateja wengi watashtuka, na masika usipeleke gari ya chini, udongo wa kule ukilowa mtalala barabarani.