Tundu pana au zumu ndefu?

Kamera ya Panasonic FZ300 inashikilia f/2.8 (kipimo cha tundu la lenzi: namba ndogo, tundu pana) kuanzia zumu ya milimita 25 hadi 600, kwa kipimo cha filamu ya milimita 35. Nikon P950 nayo inaanza na f/2.8, lakini ukiivuta hadi milimita 2000 tundu linabana kufikia f/6.5, mwanga unaopita unabaki takriban moja ya tano. Sensa zao, yaani vipande vinavyonasa mwanga, ni ndogo sawasawa, hivyo lenzi ndiyo inayoamua.

Msituni Bwindi, Uganda, kuna giza, flashi ni marufuku, na sokwe (gorila) wako karibu. Picha inayotosheka na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 800 kwa f/2.8 itadai zaidi ya ISO 4000 kwa f/6.5, na manyoya meusi yatajaa chengachenga.

Kinamasi cha Mabamba ni jua tupu, ndege wako mbali: P950 hapo inashinda, mtumbwi ukitulia. Mimi nachagua FZ300, maana picha nzuri Uganda huwa alfajiri au chini ya miti.