Django 5.2 baada ya kuhama kutoka 4.2, nikiwa Moshi

Wakuu habari za jioni. Kuna mfumo wa stoo nimelitengenezea duka la spea hapa Moshi, ulikuwa unatembea kwenye Django 4.2 (zana ya kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya Python) bila shida, nikasema ngoja niupandishe uende 5.2.

Nikapiga pip install -U django (pip ndo inayoshusha vifurushi vya Python), ikamaliza vizuri, eroo hakuna, kucheki toleo bado 4.2! Nikarudia mara tatu, nikajua bando, nikabadilisha laini, wapi. Kumbe ni Python. Seva ilikuwa na mfumo endeshi wa Ubuntu 20.04, python3 --version ikaleta 3.8.10, na Django tangu 5.0 wanataka Python 3.10 kwenda juu. Pip inaangalia Python uliyonayo inakupa Django ya mwisho inayoikubali, halafu kimya. Hapo wangeweka hata mstari mmoja wa kumshtua mtu jamani.

Ila wanaosema Django wanatutupa wenye seva za zamani mimi nawakatalia. Hesabu yao iko wazi: Python 3.9 ulinzi wake mwisho Oktoba 2025, Django 4.2 ulinzi wake hadi Aprili 2026, basi 4.2 ndo ya mwisho kuibeba 3.9. Yaani Python yako inakufa kwanza ndo Django nayo inakuacha. Hiyo 3.8 ilishaachwa tangu Oktoba 2024, na humo ndani kuna madeni ya wateja wa watu!

Niliyekodi kwake seva hakuwa na Ubuntu mpya, nikahama Jumapili duka limefungwa, nikachukua 24.04 inakuja na Python 3.12 yake. Nikakimbiza python -Wa manage.py test, maonyo yote yakatoka nikarekebisha moja moja.

Kilichonisumbua ni saa. USE_TZ kwenye settings (inaiambia Django itunze saa kwa UTC halafu izigeuze kwa saa za hapa) sikuwahi kuiandika, na kuanzia 5.0 usipoiandika inakuwa True, basi mauzo ya saa kumi jioni yakasomeka saa moja usiku, masaa matatu mbele, mwenye duka akanipigia anauliza nani alikuwa anauza usiku. Nikaandika USE_TZ = False yakarudi sawa. Mnaotumia hifadhidata ya SQLite kama mimi cheki hicho kabla hujawasha.

Mengine safi kabisa, ukifungua shell (sehemu ya kujaribia kodi) modeli za data zinajileta zenyewe, ile kuandika import kila asubuhi imeisha. Na ulinzi wa 5.2 ni hadi Aprili 2028. Nyota nne na nusu, hiyo nusu iliyopungua ni ya pip na ukimya wake.