Miaka miwili na ukoka wa TifEagle, Unguja Kaskazini

Nyota 4 kati ya 5. Ile moja nimeikata kwa ajili ya Masika, nitafika huko.

Mimi ni mtunza bustani wa hoteli ya pwani. Hatuna uwanja wa gofu, tuna grini moja tu (kile kipande cha nyasi fupi sana chenye shimo la mpira) ya wageni kufanyia mazoezi, kiasi cha mita za mraba 300. Zamani ilikuwa na ukoka wetu wa kawaida, huu unaoota hata kwenye nyufa za baraza. Ukiushusha sana kwa mashine unabaki vikonyo vitupu, yaani vijishina vyake vinavyotambaa, na mpira unarukaruka kama gari kwenye kifusi. Meneja akachoka na malalamiko, akasema tafuta ukoka wenyewe wa grini.

Kwanza kabisa: TifEagle haina mbegu. Ilitolewa mwaka 1997 kule Tifton, Georgia, Marekani, nayo ni chotara tasa, hupandwa kwa vikonyo basi. Hili nimelijua nimeshaliwa. Muuzaji mmoja aliniuzia pakiti ya "mbegu za TifEagle", nikapanda, ukaota ukoka ule ule wa barazani. Meneja hakunigombeza, alinitazama tu, na afadhali angenigombeza. Mara ya pili tukaagiza vikonyo hasa. Vilishika vizuri, na kisima chetu chenye chumvi kidogo havikukijali hata.

Uzuri wake sitaupunguza. Tunakata milimita 3 kila asubuhi na bado unafunga ardhi, huoni udongo. Mpira unakwenda kimya mpaka shimoni.

Lakini mwaka wa kwanza niliuharibu mwenyewe kwa mapenzi. Maji asubuhi na jioni, urea kama nalima mchicha. Baada ya miezi nikaona nikikanyaga, alama ya kiatu inabaki. Mashine ikaanza kuzama na kunyoa upara, vipande vya rangi ya kahawia kama mwezi mwandamo. Nikachimbua kipande kwa kisu: juu kijani chembamba kama ukucha, chini yake godoro la vikonyo vilivyokufa, unene wa kidole, limelowa na kushikamana kama makumbi. Na harufu, mliokulia Paje au Jambiani mnaijua, ile ya makumbi yakifukuliwa ufukweni.

Aina hizi fupi ndivyo zilivyo, zinazaa vikonyo haraka kuliko vinavyooza. Dawa yake ni mchanga, kidogo kidogo na mara kwa mara. Sasa kila wiki mbili nachana kwa visu vya kusimama, kijuujuu tu, kisha nanyunyiza mchanga mkavu uliochekechwa mara mbili, nausugua uingie kwa fagio la chelewa. Wageni hucheka wakiliona fagio, lakini brashi tuliyoletewa haikufanya kazi nzuri kama hiyo. Mchanga wa ufukweni usiuguse: una chumvi, na vipande vya makombe vinamaliza makali ya mashine. Urea nimeishusha hadi gramu 2 kwa mita ya mraba kwa wiki, nimeiyeyusha kwenye bomba la mgongoni.

Mashine lazima iwe ya silinda, ile ya kuzunguka kama feni haifai hapa. Makali nayapima kwa karatasi kati ya silinda na kisu cha chini. Ikikatwa safi, endelea. Ikikunjwa, kesho yake ncha za majani zitakuwa nyeupe, zimechanika.

Haya, Masika. Ukoka huu unakula jua. Wiki mbili za mawingu zikifuatana, ukiendelea kukata milimita 3 unakonda, kisha utando wa kijani cheusi unaanza kutambaa na kuteleza. Sasa mvua zikianza tu napandisha mashine hadi milimita 4 na nusu, na meneja ameshazoea kwamba miezi hiyo mpira unakwenda taratibu.

Iko pembe moja iliyonishinda, chini ya mvinje. Nimepanda vikonyo mara tatu, mara tatu vimekufa. Niliomba mti ukatwe, nikaambiwa wageni wanaupenda kivuli chake. Basi pembe ile nimeuacha ukoka wa kawaida urudi, naukata milimita 10, na kishimo nimekihamishia juani.