Baiskeli kwa mwenye mgongo unaouma: achana na siti, kagua shingo ya usukani

Wasomaji wanaoniandikia kuhusu baiskeli siku hizi wanauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ipi haiumizi mgongo? Mmoja wao, mwalimu wa Tabata hapa Dar es Salaam, alikuwa ameshatoa hela ya siti yenye egemeo, zile za sponji na plastiki zinazoagizwa mtandaoni. Fundi akamfungia, akaanza kuiendesha kwenda kazini, na maumivu yakabaki palepale kiunoni. Kilichoongezeka ni egemeo kumkwaruza mkanda wa suruali kila anapokanyaga. Mwingine wa Kimara alishauriwa achukue mauntini yenye shokapu mbele na nyuma. Anaumwa bado, na shokapu nayo inalia.

Kwanza, kama una diski ya uti wa mgongo iliyotoka mahali pake au miguu inakufa ganzi, anzia MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, usianzie Kariakoo. Ninachoandika hapa ni kwa ajili ya mgongo unaochoka, ule unaokaza ukifika kazini na kuachia jioni ukishanyoosha mwili.

Egemeo tulimalize mapema. Lina kazi pale tu pedeli zinapokuwa mbele yako. Ukisukuma mguu kwenda mbele, mwili unarudishwa nyuma, na hapo mgongo unahitaji kitu cha kuuzuia. Ndivyo zilivyoundwa baiskeli za kulala, na ni nzuri kwelikweli. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure alipanda moja, Vélocar ya Charles Mochet, akapita kilomita 45 ndani ya saa moja na kuvunja rekodi ya dunia. Mwaka uliofuata UCI, shirikisho la kimataifa la mbio za baiskeli, likazipiga marufuku kwenye mashindano yake, na kiti cha kuegemea hakikuwahi kuwa kitu cha kawaida madukani. Kwa hiyo usitegemee kuikuta Ilala ikiwa imeegeshwa kati ya mitumba. Na hata ukiagiza, utakuwa umekaa usawa wa ekseli za malori ya bandarini kwenye Barabara ya Mandela, ambayo madereva wake hata aliyesimama wima akiwa na shati jekundu hawamwoni.

Kwenye baiskeli ya kawaida pedeli ziko chini yako. Ukikanyaga kwa nguvu mwili unataka kuinuka, haurudi nyuma. Egemeo linabaki pambo.

Kinachoamua mgongo ukae vipi ni mahali mikono iliposhika. Usukani ukiwa chini na mbali, nyonga inalala mbele, kiuno kinapinda, na shingo inabidi iinuliwe kwa nguvu ili uone bodaboda anayekujia upande wako. Usukani ukiwa juu ya usawa wa siti na karibu na tumbo, uti wa mgongo unasimama wenyewe. Kipimo cha haraka ni hiki: weka kiwiko kwenye pua ya siti, nyoosha mkono kuelekea mbele. Ncha za vidole zikikaribia usukani, mko sawa. Zikibaki hewani na nafasi ya kiganja kizima, hiyo si yako, hata kama rangi yake imekupendeza. Uzito, idadi ya gia, kikapu na kengele mtachagua wenyewe, mna macho.

Sasa swali ambalo sijawahi kumsikia mnunuzi akiuliza: huu usukani unapanda?

Shingo ya usukani, yaani kile kipande kinachounganisha usukani na fremu, iko ya aina mbili. Ya kwanza inazama ndani ya fremu kama kijiti, juu yake kuna boliti moja. Ukiilegeza, usukani unapanda au unashuka kwa kadiri unayotaka, mpaka kwenye alama ya mwisho iliyochongwa pembeni, ambayo haipaswi kuonekana nje. Ya pili inakumbatia kwa nje bomba la uma, ile panda inayoshika tairi la mbele, na kubanwa na boliti mbili za ubavuni. Hii haipandi. Aliyeitengeneza kiwandani ameshaamua urefu wako, na mauntini nyingi mpya zimefungwa ya namna hii. Ukitaka kuiinua, itabidi utafute shingo nyingine yenye kukunja kwenda juu, au usukani uliopinda.

Unaweza kudhani basi chukua ya kwanza, yamekwisha. Hayajaisha. Baiskeli ya mtumba imekaa miaka kwenye mvua za huko ilikotoka, shingo ikiwa kwenye kimo kilekile, kisha ikavuka bahari, kisha ikaegeshwa nje Dar, ambako hewa ya chumvi inakula hata kitasa cha mlango. Shingo mara nyingi ni ya alumini na bomba inamozama ni la chuma. Vyuma viwili tofauti vikikutana na unyevu wa chumvi vinakulana taratibu na kushikana. Kwa nje haionekani. Baiskeli inang'aa, imefutwa mafuta, matairi meusi, na shingo yake haitapanda tena mpaka mwisho wa dunia. Umenunua baiskeli ya kimo cha mtu mwingine.

Jinsi ya kukagua: nenda na alenki namba 6 mfukoni, na spana ya kawaida kwa zile za zamani. Legeza boliti ya juu mizunguko miwili au mitatu, itainuka kidogo. Weka kipande cha ubao juu yake, gonga ishuke. Bana tairi la mbele kwa magoti, zungusha usukani kushoto na kulia. Ukizunguka wakati tairi limetulia, shingo ni hai. Ukigoma, mshukuru muuzaji na uondoke. Atakuambia "hiyo weka dizeli tu, anti, inaachia." Mwambie aweke yeye, akishaiachisha akupigie simu.

Watakataa usijaribu, hilo mlijue. Kuna wauzaji mjini hapa wanaamini kugusa boliti ni sawa na kulipa. Mmoja aliniambia, "Mama, hapa hatufungui, hapa tunauza," na baiskeli yenyewe ilikuwa imeviringishwa nailoni kuanzia usukani hadi karia, eti isipate mchubuko. Nikachungulia chini ya ile nailoni karibu na shingo. Kutu ilikuwa imepuliziwa rangi ya fedha, na rangi yenyewe bado inanata kwenye kidole. Bei haikuteremka hata shilingi.

Katika zinazopatikana Dar, ya kwanza kwangu ni mtumba wa Japani, na ndani ya Wajapani nachagua Bridgestone. Upendeleo wangu siufichi. Ni kampuni ileile ya matairi ya magari, iliyoanza 1931, na upande wake wa baiskeli ukasimama kama kampuni mwaka 1949. Zile za kwendea sokoni na kituo cha treni zina fremu iliyoshuka katikati, usukani uliorudi nyuma kuelekea kwako, siti pana yenye springi na shingo ya boliti moja. Zimeundwa ili mtu akae wima, hazikuwekewa wima baadaye. Tafuta stika ya BAA kwenye bomba la fremu chini ya siti. Ni alama ya usalama ambayo chama cha baiskeli cha Japani kilianza kuitumia 2004, nayo inakutenga na zile nyepesi zilizouzwa kwa bei ya kutupa hukohuko kwao. Yenye gia 3 za ndani ya habu, kitovu cha gurudumu la nyuma, inatosha kabisa. Mji huu ni tambarare ukiondoa Kimara, Goba, Makongo na jamaa zao. Epuka tu zile Bridgestone zenye mkanda badala ya cheni. Ni tulivu na safi, lakini siku mkanda ukikatika usitegemee fundi wa chini ya mwembe awe nao.

Kasoro zake ninazijua. Tairi ni jembamba, na ukikaa wima uzito wote unashuka kwenye siti, kwa hiyo kila shimo la Mbagala linapanda moja kwa moja kwenye uti. Springi za siti zinapunguza, haziondoi. Usijaze upepo mpaka tairi liwe jiwe. Kuna tatizo jingine linalowatesa watu wakitafuta tairi: inchi 26 ya Mjapani si inchi 26 ya mauntini. Soma ubavuni. Ya Mjapani imeandikwa 26 x 1 3/8, na pembeni namba 590. Ya mauntini huishia 559. Hazivaliani, hata fundi akiapa. Mrefu naye achague yenye rimu ya 27 na abadilishe bomba la siti aweke refu, la sivyo magoti yatakuwa yanapiga usukani.

Halafu hili la "ya kike". Wanaume wanaumwa viuno na bado wanakataa fremu iliyoshuka kwa sababu wauzaji wanawacheka. Kurusha mguu juu ya fremu na karia yenye mzigo ni mojawapo ya mambo mabaya unayoweza kuufanyia mgongo uliokaza asubuhi. Mwenye kanzu anajua, mwenye gauni anajua. Huko Japani baba mtu mzima na tai yake anaiendesha hiyohiyo kwenda kupanda treni, wala hakuna anayegeuka.

Ya pili ni Mholanzi: Gazelle, Batavus na wenzao, zinazoletwa na mitumba ya Ulaya kwa nadra. Kwa starehe tupu zinampita Mjapani. Tairi pana, bomba la fremu chini ya siti limelala nyuma kiasi kwamba pedeli zinakuwa mbele kidogo, na baadhi zina shingo inayokunjika kwa pembe, unaichagua ukiwa nyumbani. Kwa nini si ya kwanza? Ni ndefu, ni nzito ajabu, na nyingi breki ya nyuma ni ya kurudisha pedeli, jambo ambalo kwenye foleni ya Buguruni linahitaji mazoea. Kama unaishi ghorofani bila lifti, sahau. Na muuzaji akishajua kwamba unajua ni Gazelle, umekwisha.

Phoenix mpya ya Mchina naiweka ya tatu, pamoja na ndugu zake wa Kihindi wa inchi 28. Ni baiskeli ya kazi, inabeba gunia la mkaa bila kulalamika, vipuri viko kila kona na siti yake ya springi ni nzuri kuliko inavyopewa sifa. Lakini rudi kwenye shingo. Zile za breki za fito badala ya waya, ukiinua usukani, fito nazo zinavutwa, na breki inabidi ipangwe upya yote. Fundi mvivu atakwambia haiwezekani. Inawezekana, ila simama hapo mpaka amalize, kisha jaribu breki ukiwa bado uani kwake.

Mauntini mpya za bei ya chini ndizo zinazojaa madukani. Shokapu zake huongeza uzito, usukani uko chini, shingo haipandi. Mnunulie kijana wa sekondari.

Jambo moja kuhusu upepo, kwa wanaotoka Kawe au Mikocheni kwenda mjini. Aliyekaa wima ni tanga. Miezi ya kusi, ukishika njia ya ufukweni, unakutana na mbisho asubuhi nzima, na utajikuta umeinama bila kujijua, mgongo ukapinda upya. Pita ndani, kwenye majumba na miti, teremsha gia, kubali kuchelewa kidogo. Wanaotoka Kimara wana ile njia ya baiskeli kando ya mwendokasi, siku ambazo haijageuzwa kijiwe cha bodaboda au meza ya viatu.

Kuhusu bei nina la kusema. Ukifika, usitamke neno mgongo. Usitaje daktari. Nimesimama mahali nikasikia baiskeli ikiuzwa kwa kijana mmoja, na baiskeli nyingine pacha wake kabisa, rimu ileile, akatajiwa mama aliyekuja ameshika kiuno kwa elfu hamsini zaidi, kwa maelezo kwamba "hii ni ya mazoezi, Wazungu wanaitumia hospitali." Ni mtumba uleule uliotoka kontena lileile. Nenda siku za kati ya wiki, mchukue fundi wako na umlipe posho yake, na aongee yeye. Wewe kaa pembeni kama uliyesindikiza.

Ukishainunua, kabla hujaiendesha hata mpaka stendi, fundi aichomoe shingo yote, apige msasa kutu ya ndani, apake grisi, airudishe kwa kimo chako huku alama ya mwisho ikiwa imezama. Usukani ukipanda sana, waya za breki zitakaza, basi abadilishe aweke ndefu. Ni hela ndogo. Bomba la siti nalo lipate grisi hiyohiyo. Rudia kila mwaka kabla masika hayajaanza. Grisi ya magari inatosha, asikuuzie ya kopo dogo.