Mafunzo ya kuhudumia wenye kifafa: cheti ninacho, hasira pia ninazo

Niliwapeleka wenzangu wa zamu kwenye mafunzo ya siku moja ya kuhudumia wenye kifafa, na nikikumbuka hadi leo hasira zinanipanda.

Baada ya mapumziko, dada mmoja wa zamu ya usiku, mtu mpole asiyependa kusema mbele za watu, alinyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Kuna mama tunayemhudumia, haanguki wala hatikisiki. Anaganda tu, anatafunatafuna mdomo mtupu, anavutavuta vifungo vya blauzi, halafu anaanza kutembea. Ukimwita haitikii. Tufanyeje?"

Mkufunzi akamkata: "Dada, huyo hana kifafa, anadeka. Mwenye kifafa anaanguka na povu linamtoka. Tuendelee." Watu wakacheka. Yule dada akainamisha uso, hakuuliza tena kitu siku nzima.

Jamani! Alichokieleza kinafanana kabisa na kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, mtu anapotewa na fahamu huku macho yako wazi. Sasa mhudumu aliyeambiwa ni kudeka atafanya nini? Atamkemea, atamkamata mkono kwa nguvu. Na mtu aliye katika hali ile ukimbana anaweza kukusukuma bila kujua. Kwenye daftari la zamu itaandikwa "mkorofi, amempiga mhudumu", na daktari hatapata habari kwamba dawa zake hazimtoshi. Kumbe alihitaji mtu wa kutembea naye polepole, kumkinga na ngazi na jiko, kuangalia saa na kumsemesha kwa upole mpaka fahamu zimrudie. Kulieleza hilo kunachukua muda gani?

Nilishaamua kuwapa nyota moja. Ila nisiwaonee: kipindi cha mchana, cha dawa ya dharura, alikishika muuguzi mwingine, na sijaona kikifundishwa vizuri vile. Kila mtu alipewa bomba la dawa lisilo na sindano, lenye maji, akajizoeza kupitisha midazolamu, dawa ya kukomesha mtikisiko, kati ya fizi na shavu, taratibu, nusu huku nusu kule, mwenzake akisoma saa kwa sauti. Habari ya kijiko mdomoni aliipiga marufuku. Akatuzoeza kumlaza mtu ubavu mtikisiko ukikoma, na kutoa dawa mtikisiko ukifikisha muda ulioandikwa na daktari wa mgonjwa mwenyewe, ambao kwa wengi ni dakika 5. Kwa kipindi kile peke yake wangepata nyota zote.

Lakini kadiri ninavyoandika nazidi kuzipunguza. Mtikisiko wa dakika 5 hakuna asiyeuona. Hata mpita njia ataita gari la wagonjwa. Yule mama wa vifungo ndiye anayemtegemea mhudumu aliyefundishwa, kwa sababu wengine wote wanampita tu. Niliwaandikia malalamiko, wakajibu kwamba vyeti vyetu ni halali. Nani aliuliza habari ya vyeti?

Yule muuguzi mfuateni popote anapofundisha. Kituo chenyewe nakipa nyota mbili, na hazipandi mpaka dada yule ajibiwe swali lake.